PICHA NI YA NANI?



Wengi wenu mnanifahamu kama mwalimu mstaafu atembeaye na kamera ya zamani begani. Watoto hunicheka kwa sababu nikiisha kuwapiga picha hukimbilia nyuma ya kamera wajitazame, wasione kitu ila chuma kitupu. Ni kweli, sijaacha kutumia filamu, na sidhani kama nitaacha. Lakini leo sikukusudia kusifu kamera. Nataka tufikiri pamoja juu ya swali moja lililonisumbua kwa miaka mingi: ukimpiga mtu picha, picha ile ni ya nani? Je, ni yako wewe uliyebonyeza kitufe, au ni yake yeye mwenye uso?

Huenda mtu akasema swali hili ni dogo, halifai kuchukua nafasi katika gazeti letu. Nami nilidhani hivyo, mpaka siku swali lenyewe liliponijia ndani ya ukumbi wa kanisa, nikalijibu vibaya.

Kamera ya Kirusi

Kamera yangu ya kwanza ilikuwa Zenit E, iliyotengenezwa katika nchi ya Kisovyeti. Niliinunua mwaka 1980 kwa kijana mmoja aliyerudi kutoka masomoni huko. Ilikuwa nzito kama tofali, lakini kipima mwanga chake hakikuhitaji betri, na jambo hilo lilikuwa neema kubwa. Miaka ile iliyofuata vita vya Kagera hata sabuni na sukari zilikuwa taabu kupatikana, sembuse betri ya kamera. Filamu nazo zilikuwa adimu. Mkanda mmoja ulikuwa na picha 36, nami niliweza kukaa nao miezi mitatu, nikiwaza kila picha kabla ya kuipiga.

Filamu nilizisafisha mwenyewe, usiku, katika chumba kilichozibwa madirisha kwa blanketi. Vitabu vilisema dawa iwe na joto la nyuzi 20, lakini maji ya bomba hapa Musoma hayana ubaridi huo. Basi nilichanganya dawa kwa maji ya mtungi, na muda nikaupunguza kidogo. Kazi hiyo ilinifundisha saburi, maana ukiharakisha umeharibu kazi ya miezi mitatu kwa dakika moja.

Sasa niwaeleze jambo la lenzi, kwa kuwa ndiko kosa langu lilikoanzia. Lenzi ni jicho la kamera, nayo huitwa kwa milimita zake. Lenzi iliyokuja na Zenit yangu ilikuwa Helios ya milimita 58. Mwaka 1984 nilipata nyingine, Jupiter ya milimita 135, ambayo huvuta vitu vya mbali. Ukisimama mita 8 kutoka kwa mtu, lenzi ya 135 hukupa picha ambayo kwa ile ya 58 ungeipata ukiwa umesimama mita tatu na nusu tu.

Tofauti hiyo yaonekana kuwa ndogo. Lakini fikirini, ndugu zangu. Mita tatu na nusu ni umbali wa kusalimiana. Mtu yupo mbele yako, amekuona, huwezi kumnyamazia. Hapana budi useme habari za kazi, naye ajibu, au akatae. Bali mita nane, tena upande wa pili wa njia, ni umbali wa kuchungulia. Lenzi ndefu iliniondolea haja ya kumsalimu mtu, nami nikaiona hiyo kuwa ndiyo faida yake.

Tena iko habari ya tundu. Ndani ya lenzi mna tundu liwezalo kufunguliwa na kufungwa. Ukilifungua kabisa, kile ulichokilenga huonekana dhahiri, na vyote vilivyo nyuma yake hugeuka ukungu laini. Sisi wapenda kamera twauthamini sana ukungu huo. Twaweza kukaa saa nzima tukibishana lenzi ipi ina ukungu mzuri kuliko nyingine.

Fundi wa Bunda

Mwaka huo huo wa 1984 nilikwenda Bunda kwa shughuli za shule, na lenzi yangu mpya nimeichukua. Karibu na kituo cha mabasi palikuwa na fundi wa baiskeli chini ya mti. Alikuwa kijana, kifua wazi, suruali imechanika magotini, mikono imejaa grisi. Alikuwa ameinua gurudumu juu akilizungusha kuona kama limenyooka, na jua la jioni lilikuwa likipita kati ya spoku na kumwangukia usoni. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara. Nikafungua tundu kabisa, nikalenga, nikabonyeza. Mlango wa kamera ukafunguka kwa sehemu moja ya 125 ya sekunde, ukafunga. Kijana hakujua. Nikapanda basi nikarudi Musoma.

Nilipoisafisha ile filamu nilijua kwamba nimepata picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Niliikuza, nikaitundika sebuleni. Nyuma yake niliandika: "Fundi baiskeli, Bunda, 1984." Sikuandika jina, kwa kuwa sikulijua, na sikulijua kwa kuwa sikuuliza.

Mama katika ukumbi

Ikawa mwaka 1991 parokia ilitaka fedha za kuezeka paa, nami nikaombwa nionyeshe picha zangu ukumbini kwa kiingilio kidogo. Nilitundika picha 30, na ile ya fundi nikaiweka mbele kabisa. Watu waliisifu. Mjumbe mmoja wa kamati alisema yafaa itiwe katika kalenda.

Siku ya pili waliingia akina mama waliotoka sehemu mbalimbali kwa mkutano wao. Mmoja wao alisimama mbele ya picha ile, akakaa hapo muda mrefu. Nikamwendea, nikidhani amevutiwa na kazi yangu.

"Mwalimu," aliniuliza bila kugeuka, "picha hii umeitoa wapi?"

"Nimeipiga mwenyewe, mama. Ni fundi mmoja wa Bunda."

"Ana jina," alisema. Akalitaja. "Ni mwanangu wa pili. Na huyu hapa nyuma ni mdogo wake. Namjua kwa anavyosimama."

Nilitazama pale alipoweka kidole. Palikuwa na ule ukungu. Kwa miaka saba nilikuwa nimewaonyesha wageni ukungu ule na kuwaambia uzuri wake, nisijue kwamba ni mtoto wa mtu.

Kisha akanieleza kwamba yule fundi alifariki mwaka 1986, baada ya kuugua siku nne tu, na kwamba nyumbani hawakuwa na picha yake hata moja. Alikuwa analia, lakini si kwa sauti. Halafu akauliza swali ambalo sikulitazamia: "Kwa nini hukumwambia avae shati?"

Sikuwa na jibu. Ningewezaje kumwambia avae shati, na hali sikumwambia hata salamu?

Aliniomba mambo mawili. La kwanza, niiondoe picha ile ukutani, kwa sababu hakutaka watu wamtazame mwanawe akiwa nusu uchi na suruali iliyochanika. La pili, nimpe, pamoja na kile kitu ambacho picha hutokea, yaani negativu. Picha niliiondoa saa ile ile nikampa. Lakini habari ya negativu nikamwambia, "Ile ilikwisha haribika, mama."

Haikuwa imeharibika. Ilikuwa nyumbani kwangu ndani ya kopo la maziwa, nimeifunga vizuri kuliko fedha. Nilimdanganya mama aliyefiwa, ndani ya ukumbi wa kanisa, na kengele ya sala ya jioni ikalia nikaenda kusali.

Shati jeupe

Kwa nini nilidanganya? Nilijiambia kuwa picha ni yangu. Filamu niliinunua mimi, lenzi ni yangu, jua lile nililiona mimi, na mtu mwingine akisimama pale asingeona kitu. Tena nilijiambia kuwa mama yule haelewi sanaa. Akiipata negativu ataitupa. Hoja hizo zilikuwa na nguvu, na hata leo sisemi kwamba zote ni za uongo. Lakini naona sasa kwamba mtu anayehitaji hoja nyingi ili akae na kitu cha mwenzake, huwa dhamiri yake imekwisha jibu.

Ilipita miaka kumi na miwili. Mwaka 2003 nilifungua sanduku la vifaa vyangu, nikakuta unyevu wa ziwa umeingia. Ndani ya lenzi yangu ndefu palikuwa na kuvu, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, na kioo kimeliwa. Nikafungua kopo kwa hofu. Negativu ilikuwa salama. Nikajiuliza: hii ninamtunzia nani? Mimi nami nimezeeka. Nikifa, watoto watatupa kopo lote. Wiki ile ile nilipanda basi kwenda Bunda.

Mama yule alikuwa hai bado. Alinikaribisha ndani, na macho yangu yakaenda ukutani. Picha ilikuwapo, ndani ya fremu ya kioo. Lakini haikuwa picha yangu. Alikuwa ameipeleka studio, na fundi wa studio ameipiga upya, akakata gurudumu na mti, akabakiza uso na mabega. Kisha kwa brashi na rangi akamvika yule kijana shati jeupe lenye ukosi, limefungwa vifungo mpaka shingoni.

Nakiri kwamba moyoni nilikasirika. Nilisema: huu ni uongo. Kamera yangu ilisema kweli, na mtu huyu ameipaka rangi. Nadhani mama aliyaona hayo usoni pangu, maana alisema kwa upole:

"Shati alikuwa nalo, mwalimu. Siku ile hakulivaa tu."

Wapendwa wasomaji, nimesoma vitabu kadhaa juu ya picha na ukweli wake, lakini sijakutana na neno lililonifundisha kuliko hilo. Mimi nilikuwa na sehemu moja ya 125 ya sekunde ya maisha ya kijana yule. Yeye mama alikuwa na miaka yake yote. Ni nani kati yetu aliyemjua alivyo? Picha yangu haikudanganya, lakini ilikuwa kweli ndogo mno, nami niliiita kweli yote.

Nikatoa kopo, nikaungama uongo wangu. Hakunigombeza. Aliishika negativu akaielekeza dirishani, akaitazama. Ninyi mliowahi kuona negativu mwajua: penye nuru huwa peusi, na penye giza huwa peupe. Uso wa mtu huonekana kama wa mgeni kabisa. Akasema, "Hapa simwoni mwanangu." Akanirudishia. "Kaa nayo wewe. Hii ya ukutani ikiharibika, utanitengenezea nyingine. Lakini andika jina lake."

Basi nikaandika jina lake, na la mdogo wake pia. Majina hayo siyataji hapa, kwa kuwa sikuomba ruhusa ya kuyatia gazetini. Negativu imo katika kopo lile lile mpaka leo. Kitu ni kile kile na mahali ni pale pale, lakini zamani nilikuwa nacho kama mwizi, na sasa ninacho kama mtunza amana.

Hoja za upande wa pili

Yafaa sasa tusikilize hoja za mtu atakayepinga. Atasema: kama kila picha ni lazima iombewe ruhusa, na kama kila mama aweza kuiondoa ukutani, basi hatutakuwa na historia, na maovu mengi yatafichwa. Hoja hiyo ni nzito.

Mwaka huo huo wa 1984, mwezi wa Oktoba, mpiga picha Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, alifika Korem, Ethiopia, pamoja na mtangazaji Michael Buerk wa BBC. Alichukua picha za watu waliokuwa wakifa kwa njaa. Hakuna aliyevaa shati jeupe katika picha zile. Lakini zilipoonyeshwa duniani watu waliamka, wakachanga, chakula kikaenda, na wengi wakapona. Nani atasema angezificha?

Hata hivyo kuna habari nyingine. Mwezi wa Machi 1993, Kevin Carter wa Afrika Kusini alipiga picha kusini mwa Sudan, mahali paitwapo Ayod, ya mtoto aliyeanguka kwa njaa na ndege mla mizoga nyuma yake. Mwaka uliofuata picha ile ilipata tuzo ya Pulitzer. Lakini wasomaji wengi waliuliza: mtoto alipatwa na nini baadaye? Kwa miaka mingi dunia iliijua picha hiyo, isijue hata jina la mtoto. Mimi simhukumu Carter, aliyekufa mwaka huo huo wa tuzo kwa majonzi makubwa. Mtu aliyeandika "Fundi baiskeli" nyuma ya picha hana haki ya kumrushia mwenzake jiwe. Nasema tu kwamba swali la wasomaji wale lilikuwa la haki.

Tena kuna uso wa kiongozi. Mwalimu Nyerere alipigwa picha maelfu ya mara, na pale Butiama, alikozikwa tarehe 23 Oktoba 1999, wageni huzitazama picha zake katika makumbusho. Hakuna anayeona vibaya. Mtu akipokea kazi ya umma, uso wake nao huingia katika kazi hiyo. Lakini fundi wa baiskeli hakupokea kazi ya umma. Alikuwa akinyoosha gurudumu.

Kwa hiyo naona kwamba swali si ruhusa peke yake. Swali ni hili: picha hii inamtumikia nani? Zile za Korem ziliwatumikia waliomo ndani yake. Picha yangu ya Bunda ilinitumikia mimi. Ilinipa sifa, na yeye haikumpa kitu, wala jina.

Watu wa sheria nao walianza kuliona jambo hili zamani. Mwaka 1890 wanasheria wawili wa Marekani, Warren na Brandeis, waliandika juu ya haki ya mtu kuachwa na faragha yake, na moja ya sababu zao ilikuwa kamera mpya zilizoweza kumpiga mtu picha bila yeye kukaa tayari. Katiba yetu, ibara ya 16, yataja haki ya faragha, na mwaka 2022 Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hayo ni mema. Lakini sheria haikunipeleka Bunda. Yako mambo ambayo mtu hawezi kushtakiwa kwayo, na bado ni deni.

Mwakumbuka kwamba Bwana alipoletewa fedha ya kodi aliwauliza ile sura iliyomo ni ya nani. Ikiwa sura ya Kaisari juu ya kipande cha fedha yaonyesha kwamba fedha ile yamhusu Kaisari, basi uso wa mtu wamhusu nani? Twafundishwa tangu Mwanzo kwamba mtu aliumbwa kwa mfano wa Mungu. Kama ndivyo, mimi mpiga picha si mwenye uso ule. Hata yeye mama, na hata kijana mwenyewe, aliupokea. Ndiyo maana neno ninaloliona linafaa ni amana. Picha si yangu wala si yako. Mmoja wetu ameiweka ili asiipoteze wala asiitumie vibaya.

Tufanyeje?

Mtasema, haya ni mambo ya mzee na kamera yake ya chuma. La, hasha. Siku hizi kila mmoja wetu ana kamera mfukoni, ndani ya simu. Basi huanguka barabarani, na kabla ya majeruhi kutolewa picha zao zimekwisha fika Mwanza na Dar es Salaam. Mgonjwa hulala kitandani hana nguvu ya kujifunika, na ndugu yake anampiga picha. Na sisi wa kanisa tusijitoe. Tukipeleka unga kwa mjane, kwanza twampanga mjane mbele ya mfuko, tunampiga picha ameshika mkono wa mtoaji. Je, aliulizwa? Na kama aliulizwa, angeweza kukataa, na hali ana njaa?

Nashauri mambo matatu. Kwanza, karibia. Kama huwezi kumkaribia mtu na kumsalimu, fikiri mara mbili kabla ya kumpiga picha. Pili, uliza jina, uliandike. Picha nyingi za babu zetu zilizopigwa wakati wa ukoloni na kuwekwa Ulaya zina jina la kabila tu, na wajukuu hawajui ni nani. Tusiwafanyie watu wetu vivyo hivyo. Tatu, mpe mtu picha yake. Ukimwahidi, timiza, maana hujui ni siku gani picha hiyo itakuwa ndiyo pekee iliyobaki.

Mimi siku hizi natumia ile lenzi ya milimita 58. Ile ndefu imebaki na kuvu yake, sikuipeleka kwa fundi. Picha zangu si nzuri kama zamani, maana mtu ukimsalimu hujinyoosha, hufunga vifungo, huita na watoto wake wasimame naye. Jua huwa limekwisha pita. Nawasubiri wamalize kujipanga, kisha ndipo nabonyeza.